Kupima Pumzi Tuliyopewa

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mwa. 2:7, Hes. 1:1–3, Hes. 8:23–26, 1 Nya. 21:1–8, Mit. 24:30–34; Dan. 1:8–16; Mt. 25:14–30, Gal. 6:4, 5; 1 Tim. 4:7, 8.

Fungu la Kukariri: Wagalatia 6:4. Lifungue katika Biblia yako, ulisome kwa sauti, na utembee nalo juma zima.

Mtu amesimama juu ya mashine ya kukimbilia. Amevalishwa barakoa yenye mrija, na kifuani amebandikwa vifaa vya kusoma mapigo ya moyo. Mkanda wa mashine unaanza polepole, mwendo wa mtu anayekwenda sokoni bila haraka. Kila baada ya dakika chache unaongezwa kasi, au unainuliwa mbele kama mlima. Mtu huyo anatembea, kisha anakimbia, kisha anahema kwa nguvu. Miguu inakuwa mizito. Mwishowe anainua mkono kuonyesha kwamba hawezi tena. Mashine inasimamishwa, na baada ya muda mfupi anapewa karatasi yenye namba.

Namba hiyo inaeleza ni kiasi gani cha oksijeni mwili wake uliweza kutumia kwa dakika moja alipofika ukomo wa nguvu zake. Madaktari huitumia kujua hali ya moyo na mapafu. Makocha huitumia kupanga mazoezi. Majeshi hutumia vipimo vya jinsi hiyo kuchagua askari. Lakini mtu akiishika karatasi ile mkononi, moyo wake huuliza jambo ambalo mashine haikuulizwa: Je, namba hii inasema mimi ni mtu wa namna gani?

Sisi waumini tuna majibu mawili ya haraka. La kwanza husema namba hiyo haina maana, kwa kuwa mwili ni mavumbi na unapita. La pili husema namba hiyo ni kila kitu, kwa kuwa mwili ni hekalu; basi mwenye namba kubwa amelitunza hekalu, na mwenye namba ndogo amelibomoa. Jibu la kwanza linaidharau kazi ya mikono ya Mungu. La pili linampa mwanadamu kiti cha kuhukumu ambacho si chake. Hatari ya jibu la pili iko karibu nasi zaidi, maana kanisa letu limefundisha habari za afya tangu miaka ya 1860, na mwaka 1866 lilifungua taasisi ya afya huko Battle Creek, Michigan. Watu waliopewa nuru juu ya mwili wanaweza kuigeuza nuru hiyo kuwa fimbo.

Juma hili tutakiangalia kipimo hiki kwa makini. Tutauliza kinapima nini, kinaweza kumwambia mtu ukweli gani, na ni wapi kinapopaswa kunyamaza.

JUMAPILI
Pumzi na Namba

Soma Mwanzo 2:7. Mwanadamu alikuwa na umbo kamili kabla ya kuwa hai. Ni nini kilichoufanya udongo ule kuwa nafsi hai?

Maandiko hayatuonyeshi roho iliyofungiwa ndani ya mwili kama ndege kwenye tundu. Yanatuonyesha udongo na pumzi vikiungana, na muungano huo ndio mtu. Kwa hiyo mtu anapohema, hatendi jambo dogo. Kila pumzi ni kitu alichopewa.

Wanasayansi wameifuatilia safari ya pumzi hiyo. Hewa inaingia mapafuni. Oksijeni inapenya kwenye vifuko vidogo vya mapafu na kuingia katika damu. Moyo unaisukuma damu hadi kwenye misuli, na misuli inaitumia oksijeni hiyo kuchoma chakula ili kupata nguvu. Kipimo tunachokizungumzia kinaitazama safari nzima, tangu puani hadi kwenye misuli ya miguu.

Mmoja wa waliofungua njia hii ni Mwingereza A. V. Hill, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1922 kwa kazi yake juu ya misuli. Katika majaribio yake ya miaka ile, mkimbiaji alizunguka uwanja akiwa amebeba mgongoni mfuko mkubwa uliokusanya hewa aliyoitoa, na Hill mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliokimbia. Waliona kwamba kadiri mtu anavyoongeza kasi ndivyo anavyotumia oksijeni nyingi zaidi, mpaka anafika kwenye dari. Hapo hata akijikaza, matumizi hayaongezeki. Dari hiyo ndiyo inayopimwa.

Si lazima kuwa na mashine. Mwaka 1968 Kenneth Cooper, daktari katika Jeshi la Anga la Marekani, alieleza kipimo kinachohitaji saa na uwanja tu: mtu akimbie kwa dakika 12, kisha ipimwe njia aliyoipita. Aliyefikisha mita 2,400 hukadiriwa kuwa na uwezo wa karibu mililita 42 za oksijeni kwa kila kilo ya uzito wake kwa dakika. Mtu aliyeketi kimya hutumia takriban mililita 3.5. Maana yake, mwili wa mkimbiaji huyo unaweza kufanya kazi mara kumi na mbili ya ule uliotulia kitini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Luc Léger wa Montreal, Kanada, alitengeneza kipimo cha kukimbia kwenda na kurudi umbali wa mita 20 kwa kufuata mlio unaozidi kuharakishwa. Kwa wagonjwa wa moyo na mapafu kipo kipimo cha upole: kutembea kwa dakika sita katika ukumbi mrefu, na mgonjwa anaruhusiwa kusimama apumzike huku saa ikiendelea.

Neno moja la tahadhari. Vipimo vya kukimbia mpaka kuchoka kabisa si vya kujaribiwa ovyo. Mwenye maumivu ya kifua, shinikizo la damu, kisukari, au aliyekaa miaka mingi bila mazoezi, amwone daktari kwanza.

Tafakari: Dari yako ya pumzi haikuwekwa na wewe. Wazo hilo linakufanya ujisikieje, mnyonge au mwenye shukrani? Kwa nini?

JUMATATU
Hesabu Iliyoamriwa na Hesabu Iliyokatazwa

Soma Hesabu 1:1–3 na 1 Nyakati 21:1–8. Katika kisa cha kwanza Mungu anaagiza watu wahesabiwe. Katika cha pili, kuhesabu watu kunaleta hukumu juu ya Israeli. Tofauti iko wapi?

Tendo ni lile lile. Wanaohesabiwa ni wanaume wa Israeli wanaoweza kwenda vitani. Kama kuhesabu kungekuwa dhambi kwa asili yake, Mungu asingemwagiza Musa. Na kama kungekuwa kwema siku zote, Yoabu, ambaye hakuwa mtu wa dhamiri nyepesi, asingechukizwa na agizo la mfalme. Tofauti iko katika jambo lililotafutwa. Musa alihesabu ili kila kabila lijue mahali pake na kazi yake. Daudi alitaka kujua ukubwa wake mwenyewe. Hakuna vita iliyotajwa, wala hatari iliyokuwa mlangoni. Mfalme alitaka namba ya kuegemea.

Hapa tunapata kanuni ya kwanza: kabla hujapima, jiulize utaifanyia nini namba hiyo. Bwana Yesu alizungumza juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, naye huketi kwanza na kuhesabu gharama (Luka 14:28–30). Hakumlaumu kwa kuhesabu. Aliyechekwa ni yule ambaye hakuhesabu.

Soma Danieli 1:8–16. Danieli aliomba nini, na matokeo ya jaribio yalitumiwa kwa ajili gani?

Mara nyingi tunakisoma kisa hiki kama habari ya chakula tu. Kitazame tena kama habari ya kipimo. Danieli mwenyewe ndiye aliyeomba wapimwe. Aliweka muda, siku kumi. Alikubali walinganishwe na wengine mbele ya msimamizi, na akamwachia msimamizi aamue kwa kadiri atakavyoona. Hakuogopa ukweli. Tena, matokeo yalipotoka, hatusomi kwamba vijana wale wanne waliwacheka wenzao waliokula chakula cha mfalme. Kipimo kilikuwa na swali moja la kujibiwa: je, tuendelee hivi? Kilipolijibu, kazi yake ilikwisha.

Basi mama anayetaka kujua kama moyo wake utavumilia upasuaji, akapimwa, anafanya kama Danieli. Kijana anayetaka kujua aanze mazoezi kwa kiasi gani, naye pia. Lakini anayepima leo ili aitume namba yake kwenye simu za marafiki, na kesho apime tena kwa sababu jirani amempita, ameanza kuhesabu kama Daudi. Uwanja ni ule ule na saa ni ile ile, ila moyo umehama.

Tafakari: Ni namba gani maishani mwako, ya fedha, ya kilo, ya elimu au ya washiriki uliowabatiza, unayoihesabu mara kwa mara bila kazi yoyote ya kuifanyia?

JUMANNE
Wiki Tatu Kitandani

Soma Mithali 24:30–34. Shamba la mtu yule liliharibikaje? Je, kulikuwa na siku moja ambayo angeweza kusema, “Leo ndipo lilipoharibika”?

Mwaka 1966, huko Dallas, Texas, vijana watano wenye afya, wenye umri wa miaka 20 hivi, walikubali kulala kitandani kwa wiki tatu mfululizo ili watafiti waone mwili unafanyaje usipotumika. Hawakuwa wagonjwa. Hawakupewa dawa ya kuwadhoofisha. Walilala tu. Walipopimwa baadaye, uwezo wao wa kutumia oksijeni ulikuwa umepungua kwa zaidi ya robo. Kisha wakafanyishwa mazoezi kwa majuma kadhaa, na uwezo ukarudi.

Jambo la kushangaza zaidi lilitokea miaka 30 baadaye. Watu wale wale watano, sasa wenye miaka 50, walipimwa tena. Uwezo wao ulikuwa umeshuka, kama ilivyotarajiwa. Lakini ilionekana kwamba wiki tatu za kulala walipokuwa vijana ziliwaangusha zaidi kuliko miaka 30 ya maisha. Walipofanya mazoezi ya kiasi kwa miezi sita, walirudi kwenye kiwango walichokuwa nacho kabla ya kulala kitandani mwaka ule wa 1966.

Watu watano ni wachache, na hatupaswi kuwageuza kuwa sheria ya ulimwengu. Hata hivyo wanatufundisha jambo ambalo mwandishi wa Mithali aliliona shambani. Ukuta wa mawe hauanguki kwa kelele. Jiwe moja linatoka leo, mwiba mmoja unaota kesho, na mwenye shamba anasema bado kidogo tu. Mengi tunayoyaita uzee ni matokeo ya kukaa. Tunapanda bodaboda kwenda mahali pa mwendo wa dakika kumi. Tunakaa ofisini toka asubuhi mpaka jioni, kisha tunakaa kwenye gari, kisha tunakaa mbele ya televisheni. Ngazi za jengo zinatutoa jasho, nasi tunasema, “Umri umekwenda.”

Hapo ndipo kipimo kinapofanya kazi njema. Kinatenganisha kile ambacho umri umekichukua na kile tulichokitupa wenyewe. Amri ya nne, tunayoipenda sana kwa sababu ya siku ya saba, inazungumza pia juu ya siku sita za kazi (Kut. 20:9). Pumziko la Sabato linakuja baada ya jasho. Mtu ambaye hakufanya kazi yoyote ya mwili siku sita hana cha kupumzika siku ya saba.

Lakini tuwe waangalifu. Yuko aliyelala kitandani kwa sababu ya ugonjwa, ajali, au uzazi mgumu. Yuko mama anayesimama saa kumi na mbili kwa siku nyuma ya meza ya mboga, naye jioni hana nguvu wala uwanja. Mithali ile ilisemwa juu ya mvivu. Haikusemwa juu ya mgonjwa wala aliyelemewa na kazi, na anayetembelea wagonjwa akiwa na mithali hiyo mdomoni amekosea nyumba.

Tafakari: Ni jiwe gani moja lililotoka katika ukuta wako ambalo unaweza kulirudisha juma hili, bila kununua chochote?

JUMATANO
Jasho Sawa, Matokeo Tofauti

Hadi hapa mtu anaweza kusema: basi, namba inaonyesha bidii, anayefanya mazoezi atapanda, asiyefanya atashuka, kwa hiyo namba ni kipimo cha uaminifu. Leo tuone kwa nini hoja hiyo haisimami.

Katika miaka ya 1990 watafiti wa Marekani na Kanada walifanya uchunguzi uliojulikana kama HERITAGE. Waliwachukua watu wa familia nyingi, wazazi na watoto wao wakubwa, waliokuwa hawana desturi ya mazoezi. Wote walipewa mazoezi ya baiskeli kwa wiki 20, yaliyosimamiwa kwa uangalifu na kupimwa kulingana na uwezo wa kila mmoja. Kwa wastani, uwezo wa kutumia oksijeni uliongezeka kwa karibu mililita 400 kwa dakika. Lakini nyuma ya wastani huo kulikuwa na tofauti kubwa. Wengine waliongeza zaidi ya lita nzima. Wengine, baada ya wiki zote hizo za jasho, hawakuongeza karibu chochote. Tena tofauti hizo zilifuata familia: waliopanda sana walikuwa na ndugu waliopanda sana.

Fikiri maana yake. Watu wawili wameamka alfajiri ile ile, wametoka jasho lile lile, hawakukosa hata siku moja. Mmoja anapata namba ya kujivunia. Mwingine anapata namba ile ile aliyoanza nayo. Na yuko wa tatu ambaye hajawahi kukimbia isipokuwa kukimbilia basi, naye anawapita wote wawili kwa sababu alizaliwa na moyo mkubwa. Tukiipa namba sifa ya uaminifu, tutamsifu wa tatu kwa kitu alichopewa bure, na kumwaibisha wa pili kwa kitu alichonyimwa.

Soma Mathayo 25:14–30. Linganisha aya ya 21 na aya ya 23. Bwana alimwambia nini mtumwa wa talanta tano, na alimwambia nini mtumwa wa talanta mbili?

Sifa ni ile ile, neno kwa neno. Mmoja ameleta faida ya tano, mwingine ya mbili, na bwana haongezi hata neno moja kwa wa kwanza. Mfanyabiashara yeyote wa Kariakoo angewatofautisha. Bwana huyu hakuwatofautisha, kwa kuwa tangu mwanzo alijua alichompa kila mmoja. Yeye peke yake ndiye aliyeshika daftari la pande zote mbili: kilichotolewa na kilichorudishwa. Karatasi ya kipimo ina upande mmoja tu. Inaonyesha kilichopo leo. Haionyeshi mtu alianzia wapi, alipewa nini, wala ilimgharimu nini kufika hapo.

Je, basi yule asiyeongezeka aache? Mtumwa wa tatu anajibu swali hilo. Hakuhukumiwa kwa kuwa talanta yake ilikuwa moja. Alihukumiwa kwa kuifukia, na alijitetea kwa kumlaumu bwana wake kuwa ni mgumu. Udogo wa tulichopewa hautupi ruhusa ya kukizika. Tena mazoezi yana faida nyingi ambazo kipimo hiki hakizioni: husaidia kushusha shinikizo la damu, kutuliza sukari, kuleta usingizi, na kuutia moyo nguvu ya kubeba huzuni. Yule ambaye namba yake haikupanda hakutoka jasho bure.

Tafakari: Umewahi kumsifu mtu kwa jambo alilozaliwa nalo, ukamnyima sifa aliyetaabika zaidi? Ungewezaje kurekebisha hilo katika familia au darasa lako?

ALHAMISI
Kipimo na Mlango

Kuna swali gumu zaidi. Je, ni haki kumzuia mtu asifanye kazi fulani kwa sababu ya namba yake?

Mara nyingine ni haki. Mtu aliye ndani ya nyumba inayoungua anahitaji zimamoto anayeweza kupanda ngazi akiwa na mtungi wa hewa mgongoni, na kushuka akiwa amembeba. Nchini Uingereza vikosi vingi vya zimamoto hutumia kiwango cha karibu mililita 42 kwa kila kilo kwa dakika. Kumhurumia mwombaji kazi asiyefikia kiwango hicho kungekuwa kumtupa mtu mwingine motoni. Kipimo hapa kinamlinda asiyeweza kujitetea.

Soma Hesabu 8:23–26. Mungu aliweka mpaka gani kwa Walawi, na baada ya mpaka huo waliendelea kufanya nini?

Kazi ya Walawi ilikuwa nzito. Hema ilibebwa, nguzo zilibebwa, wanyama walishikwa. Mungu aliujua mwili aliouumba, akaweka mpaka: wakifika miaka 50 waache kazi ile nzito. Lakini soma aya ya 26 taratibu. Hawakufukuzwa. Waliendelea kuwa pamoja na ndugu zao hemani, wakiwasaidia na kulinda. Mungu alitenganisha mambo mawili ambayo sisi huyachanganya: mzigo ambao mtu hawezi tena kuubeba, na nafasi yake kati ya watu wa Mungu. Cha kwanza kina ukomo, cha pili hakina. Sisi tuliovuka miaka hiyo tunaweza kuisoma aya hiyo kwa faraja.

Basi kanuni ya pili ni hii: namba ya mwili inaweza kumfungia mtu mlango wa mzigo fulani, lakini haiwezi kumfungia mlango wa heshima. Samweli alipotaka kumtia mafuta Eliabu kwa kuangalia kimo chake, Bwana alimzuia (1 Sam. 16:6, 7).

Hili linawahusu hasa viongozi wa Watafuta Njia na walimu wa vijana. Tunapowakimbiza watoto kambini kwa dakika 12, kuna mtoto atakayefika mwisho. Pengine ni mnene, pengine ana pumu, pengine hakula asubuhi. Akisomewa namba yake mbele ya wenzake wote, hatajifunza juu ya mapafu yake. Atajifunza kwamba kanisani pia kuna mahali pa kuchekwa. Mwongozo tulioukariri juma hili, Wagalatia 6:4, unatuonyesha njia bora: kila mmoja apime kazi yake mwenyewe, bila kujilinganisha na mwingine. Mpe mtoto namba yake kwa siri. Mpime tena baada ya miezi mitatu. Mwonyeshe alipokuwa na alipofika. Na kama hakusogea, mwambie ukweli uliousoma jana: uaminifu wake umeonekana, hata kama karatasi haikuuona.

Tafakari: Katika kanisa lako, ni nani waliowekwa pembeni pamoja na mizigo yao, wakati ilipaswa mizigo tu iondolewe?

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Soma 1 Timotheo 4:7, 8; Zaburi 90:10–12; Isaya 40:28–31; 2 Wakorintho 4:16.

Paulo hakusema kwamba mazoezi ya mwili hayana faida. Alisema faida yake ina mpaka, kisha akaiweka kando ya utauwa ambao faida yake inafika maisha yajayo. Kitu chenye mpaka kinaweza kuwa cha thamani sana ndani ya mpaka wake. Kipimo cha pumzi ni cha namna hiyo. Kinaweza kumwamsha mtu aliyekuwa akilala huku ukuta wake ukianguka. Kinaweza kumpa daktari nafasi ya kuokoa uhai. Kinaweza kumlinda mtu aliye ndani ya nyumba inayoungua. Lakini hakijui alichopewa mtu, wala alichokitoa. Kikiulizwa juu ya hayo hakina jibu, na anayekijibia anajitungia.

Musa, katika Zaburi ya 90, anaomba afundishwe kuhesabu siku zake. Anayeomba kufundishwa anakiri kwamba kuna namna mbaya ya kuhesabu. Anajua siku ni chache, naye hataki kuzificha macho. Anataka zimpe hekima. Mtu anaweza kuomba vivyo hivyo juu ya pumzi zake.

Tena kuna jambo moja ambalo kila aliyewahi kupimwa mpaka mwisho analijua, awe mwanariadha au mgonjwa. Dakika inakuja ambapo nia ipo na mwili hauendi. Isaya anasema hata vijana hufika hapo. Hakuna namba kubwa kiasi cha kumwondolea mtu dakika hiyo. Inaisogeza mbele tu. Nabii haishii hapo. Anawageuza waliochoka wamtazame Yeye asiyechoka, aliyetoa pumzi ya kwanza na anayejua ya mwisho itakuwa lini.

Maswali ya Kujadili

1. Mshiriki mmoja anakataa kupimwa moyo akisema, “Mungu anaijua hali yangu, inatosha.” Mwingine anapimwa kila mwezi kwa hofu. Mngemsaidiaje kila mmoja, mkitumia kisa cha Danieli?

2. Kama uwezo wa kuongezeka kwa mazoezi unarithiwa kwa sehemu, je, wajibu wa mtu kuutunza mwili wake unapungua? Tumieni mfano wa talanta katika jibu lenu.

3. Jadilini tofauti kati ya kusema “mwili ni hekalu” na kusema “mwenye afya njema ni mtakatifu zaidi.” Ni kwa maneno gani sisi wenyewe huyachanganya mambo haya mawili tunapofundisha kanuni za afya?

4. Kanisa lenu linataka kuanzisha siku ya vipimo vya afya kwa jamii. Pangeni pamoja: ni vipimo gani vitafanyika, nani atakuwepo kwa ajili ya usalama, majibu yatatolewaje kwa siri, na mtu mwenye majibu mabaya atapewa msaada gani kabla hajaondoka?

5. Walawi wa miaka 50 waliendelea kuhudumu hemani. Andikeni majina ya wazee na wagonjwa wa darasa lenu, na kando ya kila jina kazi moja ambayo bado mnaihitaji kutoka kwake. Nani atakwenda kumwambia Sabato hii?